Kioo cha Koo

Jumanne, 8 Aprili 1986

Leo kuna mambo mawili: mvua ya kwanza ya masika, na mgeni. Mvua nimeipokea.

Mgeni ni Daktari Mwaura, katoka Nairobi. Kaingia chumba cha upasuaji viatu vimelowa, maana kapewa nyumba ng'ambo, Mnarani, na asubuhi lazima asubiri feri pamoja na watu wa sokoni. Salamu hana. Kaweka sanduku juu ya meza yangu, meza ninayopangia dawa zangu za usingizi tangu nilipohamia Kilifi, katoa chuma kinachong'aa.

"Wewe ndiye unayelaza wagonjwa?"

"Ndimi. Naitwa Idah."

"Tutafanya kazi pamoja mpaka mwezi wa sita, Sista Idah."

Haya basi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini huyu sijui anakuja kumponya nani.

Kazi yenyewe ni hii. Mgonjwa akilala kwa dawa ya kupasuliwa, mimi humpitishia mpira mdomoni, nyuma ya ulimi, mpaka ndani ya bomba la pumzi, apumue kwa huo. Ukikosea ukaingia njia ya chakula, mtu anakosa hewa. Ili nione njia, nainua ulimi kwa chuma chenye taa, kimepinda kama mundu. Mimi nakiita Kombo. Chuma cha Mwaura kina kioo kidogo ndani yake, eti kinaona kona ambayo jicho halifiki. Anataka tuvilinganishe kwa wagonjwa waliopangiwa kupasuliwa na waliokubali: wengine Kombo, wengine Kioo. Wa dharura hawaguswi.

Nikamwuliza, "Na Kombo kina kosa gani?"

Akasema, "Ndilo ninalotaka kujua."

Alhamisi, 10 Aprili

Kioo kimeniaibisha. Kila kitu ndani yake kiko juu chini. Naiona njia ile pale, peupe, nausukuma mpira, mpira unakwenda kinyume kama mbuzi anayevutwa. Halafu mgonjwa akapumua na kioo chote kikaingia ukungu. Nikakitoa, nikachukua Kombo, nikamaliza kabla Mwaura hajasema neno.

Kaandika. Sijui kaandika nini, na sitamwuliza.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumanne, 15 Aprili

Tumebishana jinsi ya kuchagua nani apate kipi. Mwaura alitaka arushe sarafu yeye mwenyewe kando ya mlango. Nikamwambia, "Daktari, watu wa huku wakikuona unarusha shilingi juu ya mgonjwa aliyelala, watasema umemcheza kamari." Akacheka! Kumbe meno anayo.

Nimetoa shauri langu, na amelikubali. Mgonjwa mwenyewe atatia mkono kwenye mfuko wa kitambaa kabla ya dawa. Ndani kuna komwe, zile za kuchezea bao, na korosho zenye maganda. Akitoa komwe, ni Kombo. Akitoa korosho, ni Kioo. Kila mtu anaijua bahati yake kwa mkono wake, hakuna wa kulaumiwa.

Nimejisifu mwenyewe hadi nyumbani.

Alhamisi, 17 Aprili

Kaja msichana kutoka Jilore, aitwa Kadzo, na shangazi yake Kadii, anayemlea. Kadzo ni wa miaka kumi na saba hivi. Akiwa mdogo wa kutambaa alimwagikiwa na uji uliokuwa ukitokota, na kovu likamvuta mpaka kidevu kikashikana na kifua. Hawezi kuinua uso. Anakuona kwa kukusogezea macho juu, paji likikunjamana kama la bibi kizee.

Mikono haikutulia. Alikuwa akisuka ukili muda wote tuliokuwa tukimpima. Nikamsifu. Akasema, "Sista, mimi sina budi kuwa hodari. Macho yangu yamekaa kwenye mikono tangu utotoni."

Gitau, daktari wetu wa kupasua, anasema anaweza kulikata lile kovu na kubandika ngozi ya paja. Shingo itanyooka. Shida si yake, shida ni yangu: shingo isiyokunjuka nyuma haikipi Kombo nafasi. Mara mbili hospitali nyingine zimemrudisha nyumbani kwa sababu hiyo hiyo, waliogopa kumlaza wasiweze kumpa hewa. Na mimi naogopa. Naandika hapa kwa kuwa siwezi kulisema mbele ya Mwaura.

Yeye alimtazama Kadzo, kisha akaniambia taratibu, "Huyu ndiye aliyetengenezewa kioo."

"Na akitoa komwe?"

"Huyu hatii mkono mfukoni. Hayumo kwenye hesabu."

Nilidhani atabishana. Tumekubaliana Kadzo arudi mwisho wa Mei, nasi tuwe tumeshajua kukitumia hicho kioo vilivyo.

Jumanne, 22 Aprili

Masha, mwuza makaa, kapasuliwa mshipa wa ngiri. Alipata Kioo. Nimeingiza mpira mara ya kwanza, nikajipongeza kimoyomoyo.

Ukungu umepata dawa. Mwaura anasema mama yake akinywa chai miwani huingia ukungu, lakini akiipasha kwanza juu ya mvuke haiingii tena. Basi sasa kioo kinakaa ndani ya maji ya moto ya thamosi mpaka dakika ya kukitumia, kikipanguswa kinabaki safi. Na mimi nimegundua kwamba ule waya wa ndani ya mpira lazima upindwe ufuate mgongo wa chuma, la sivyo unaona njia na huifikii. Hayo tumeyapata mmoja mmoja, na wote tunajidai.

Masha alipozinduka kitu cha kwanza kilikuwa, "Sista, kioo kimeona nini?"

Nilikuwa nimechoka. Nikamtania, "Kimeona mpaka ugali uliokula juzi."

Hakucheka.

Alhamisi, 24 Aprili

Wagonjwa watatu. Korosho, korosho, korosho.

Jumanne, 29 Aprili

Korosho tena, wote. Mwaura amekaa na hesabu yake, kalamu sikioni, akaniuliza kama mfukoni kuna komwe kweli. Nimemwaga mezani: komwe tele.

Nikamwita yule mama wa mwisho, ameshaamka, nikamwuliza kwa upole alichaguaje. Akanishangaa. "Sista, korosho si ina kiuno? Komwe si mviringo? Mkono hauna macho?"

Lo! Idah wee! Mtu wa Dabaso, niliyekulia chini ya mikorosho, nimewapa watu wa pwani wapapase korosho na komwe nikidhani hawatajua tofauti! Mwaura alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, lakini swali likabaki: kwa nini wote wanataka Kioo?

Mama yule alinijibu kwa sauti ya chini. Masha anatangaza kila kituo cha makaa kwamba hospitali ina kioo kama cha mganga, kinatiwa ndani ya mtu na kinamwona aliyemroga.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu, hakuna upasuaji. Kumekuwa na upasuaji wa maneno. Masha kaja langoni na ndugu zake, anataka niseme mbele ya watu kwamba kioo kilimwona mke wa kaka yake. Mwanamke mwenyewe yupo pale, kajifunika leso mpaka puani, analia.

Nilipandwa na hasira nikasahau Kiswahili cha hospitali. "Masha! Wewe mshipa wako umetoka kwa kubeba magunia ya makaa, na ukiyabeba tena mwezi huu utarudi hapa. Kioo kimeona koo lako, na koo lako ni chafu kwa ugoro. Basi!" Watu wakaangua kicheko. Mke wa kaka akafunua leso. Lakini Masha aliondoka akinung'unika kwamba Sista anaficha, na lisemwalo lipo.

Laiti ule utani wangu wa ugali ungebaki kinywani.

Jumanne, 6 Mei

Sasa ni komwe peke yake, nyingine zimepakwa masizi upande mmoja. Mkono hauoni masizi. Masizi ni Kioo.

Jumanne, 13 Mei

Ramadhani. Mgonjwa wetu wa leo kasema daktari asimhubirie habari ya kutokula kabla ya dawa, yeye tangu alfajiri kinywa kimefungwa. Kombo. Salama.

Alhamisi, 22 Mei

Hesabu inaanza kusema. Shingo nyepesi, mdomo mpana: Kombo kinashinda kwa upesi, Kioo ni kupoteza wakati. Shingo ngumu, meno yaliyotokeza, kidevu kidogo: Kioo kinaona pale ambapo mimi na Kombo tungekuwa tunaomba Mungu. Nimemwambia Mwaura hivyo, na nimemwambia kwa kinywa changu kwamba kioo chake kina kazi.

Akasema, "Na Kombo chako pia." Kisha akaniomba nimfundishe kuinua ulimi bila kugusa meno, maana amenitazama na hajui ninavyofanya. Huyu mtu si mwenye majivuno. Ni mwenye haya. Wiki sita nimemsoma vibaya.

Jumanne, 27 Mei

Kadzo hayupo.

Walifika jana na Kadii, na baba mtu, Dzombo, ambaye sikuwa nimemwona. Mwanamume wa maneno machache. Aliweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali upasuaji upesi mno, kisha akaniuliza, "Kitatumika kile kioo?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Kesho tutajua nani alimchoma mwanangu."

Hakumtazama Kadii. Nimegundua hamsemeshi kabisa, ingawa ni dada yake tumbo moja. Akitaka kitu humwambia Kadzo: mwambie shangazi yako hivi, mwambie shangazi yako vile. Uji ule ulimwagika kwenye jiko la Kadii. Miaka yote hii watu wananong'ona kwamba Kadii, aliyekosa watoto, alimwonea kaka yake kijicho.

Nilimweleza Dzombo kwamba kioo si cha mganga. Alinisikiliza kwa adabu na hakuniamini.

Asubuhi kitanda kitupu. Kadii kamtorosha mtoto kwa basi la kwanza la Malindi. Mwaura ndege yake ya kurudi Nairobi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na kioo kinaondoka naye, ni cha kuazimwa. Gitau anasema bila kioo hatamgusa yule msichana, na mimi siwezi kumlaumu. Kama Kadzo hatarudi kabla ya hapo, atakaa vile maisha yake yote.

Nimelia stoo, kati ya mablanketi.

Jumatano, 28 Mei

Naandika nikiwa nimeoga mara mbili na bado nina matope masikioni.

Nilikuwa nimeazimia kwenda Jilore kwa basi. Mwaura kanikuta getini akaniambia ameshaomba gari la hospitali. Dzombo akapanda nyuma. Baada ya Malindi njia ikageuka uji mtupu. Mara mbili tulikwama, na mara mbili Daktari Mwaura alivua viatu akasukuma pamoja na Dzombo, suruali imepandishwa magotini.

Kadii alikuwa uani, anapepeta mahindi. Alipotuona hakukimbia. Kadzo alikuwa kando yake na ukili wake.

"Hodi hapa. Shikamoo, mayo," nikasema, nikamwita mama kwa lugha ya kwetu.

"Marahaba. Karibuni, lakini mtoto hatoki."

Dzombo akamwambia Kadzo, "Mwulize shangazi yako anaogopa nini kama hana lake."

Hapo Kadii akaweka ungo chini. Alisema akinitazama mimi, lakini maneno yalikuwa yakimwendea kaka yake. Alisema mvua ilianza ghafla siku ile, akakimbilia nje kuanua mahindi, akamwacha mtoto karibu na mafiga. Aliporudi alikuta alichokikuta. "Sikumroga. Nilimwacha. Nalijua hilo kila nikimwogesha. Sasa kioo chenu kikisema ni mimi, kitakuwa kimesema kweli au uongo? Mtu ataniuliza maana yake? Nitafukuzwa, na huyu mtoto atabaki na nani?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaura alienda garini akarudi na sanduku. Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, katikati ya uwanja, matope mpaka mapajani, akanipa chuma. "Sista, nitazame. Kisha mwache mama atazame."

"Utatapika, Daktari."

"Nitatapika basi."

Majirani walikuwa wameshajaa. Nikakipasha kioo kwa maji ya chai yaliyokuwa jikoni, nikakiosha, nikamwambia apanue kinywa. Macho yakamtoka, machozi yakachuruzika, koo likafanya ghaa! ghaa! Watoto walianguka kwa kicheko. Nikamwita Kadii. Akasogea kama anayekaribia nyoka, akachungulia.

"Naona kitu chekundu kinaning'inia."

"Ni kimio. Hata wewe unacho. Kiulize."

"Nikiulize nini?"

"Unachoogopa."

Akakiuliza kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akakodoa. Majirani wakasogea, Mwaura akigugumia. Kisha Kadii akasema kwa mshangao, kwa sauti kubwa, "Ana jino bovu nyuma!"

"Ndiyo hilo tu," nikasema. "Hakijui jingine."

Mzee mmoja akataka atazame, halafu mwingine, halafu ikawa foleni, mpaka Mwaura akainua mkono kuomba huruma, akainama kando ya kinu akatapika kweli. Kadii mwenyewe ndiye aliyemletea maji ya kusukutua, akimpangusa mgongo na kumwita mwanangu. Dzombo alitazama kwenye kioo wa mwisho kabisa. Kisha akaketi chini.

Kadzo akamwambia shangazi yake, "Mimi nataka kwenda." Na Kadii akaingia ndani kufunga kitita.

Kuhusu Daktari Mwaura: wote wanaotaka kumsema hospitalini tangu leo watapita kwangu kwanza.

Alhamisi, 5 Juni

Leo.

Sikula. Gitau alikuwa tayari na kisu na ganzi, ili tukishindwa alikate kovu kwanza apate njia ya shingo. Mwaura alisimama upande wangu wa kulia. Nilidhani yeye ndiye atakayeingiza mpira. Akanipa chuma. "Mkono wako umekizoea kuliko wangu. Mimi nitashika mapigo na hewa."

Kadzo aliegemezwa kwenye mito, kichwa hakikuweza kugusa kitanda. Nikamwambia avute ile hewa ya dawa. Akasema, "Sista, nikiamka niambie kama nilikoroma." Akalala, anapumua mwenyewe. Hatukumpa dawa ya kulegeza misuli, asije akaacha kupumua kabla hatujapata njia.

Nikaingiza kioo. Niliona ulimi, nikaona kimio, kisha giza. Nikainua kidogo. Giza. Jasho likaniingia jichoni. Nikainua tena na pale, kwa juu chini, njia ikafunguka, ndogo, nyeupe kando kando, ikipumua. "Naiona," nikasema. Nikaleta mpira. Ukagonga ukingo ukateleza. Nikarudia, ukateleza tena. Midomo ya Kadzo ikaanza kubadilika rangi.

"Toa," akasema Mwaura. "Mpe hewa."

Nilitaka kujaribu mara moja zaidi. Ile njia ilikuwa mbele yangu! Sauti yake haikupanda. "Toa, Idah."

Nikatoa. Tukambana barakoa, akapumua, rangi yake ikarudi. Gitau akashika kisu. Mwaura akamwambia, "Mara moja zaidi, kisha ni wako," akauchukua mpira mkononi mwangu, akaupinda waya ncha yake zaidi kidogo, akanirudishia.

Kioo kutoka majini. Ulimi, kimio, giza, njia. Safari hii nilingoja. Nilingoja avute pumzi, njia ilipopanuka nikausukuma, na mpira ukaingia. Mwaura akaweka kipimo cha kusikilizia kifuani, kushoto, kulia, tumboni. Sijui ni muda gani. Akainua uso na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Umo."

Nikasema alhamdulillahi, mimi mtoto wa kanisa.

Gitau alifanya kazi mpaka baada ya adhuhuri. Kadzo aliamka jioni. Nikamwambia hakukoroma.

Jumamosi, 7 Juni

Mwaura kaondoka na kioo. Kaniachia mpira mmoja, umepindwa waya wake, na mkono wake ulikaa ndani ya wangu kwa kitambo. Nimempa kikapu cha korosho, za kukaanga.

Jumanne, 17 Juni

Bandeji za Kadzo zimefunguliwa leo. Ngozi imeshika. Shingo bado ina kola ya plasta, lakini imenyooka, na kidevu kiko mahali pa kidevu.

Dzombo alikuwapo, kwenye kiti kimoja tulicho nacho wodini. Kadii alisimama miguuni pa kitanda na kikombe cha uji. Gitau alipotoka, Dzombo akakohoa, akaniuliza lile aliloshinda nalo tumboni siku zote hizi.

"Sista. Naijua ile ya Jilore. Lakini ya mwanangu. Kioo kilipoingia kwa mwanangu, kiliona nini?"

Nilifungua kinywa, Kadzo akanitangulia. Alikuwa amejiinua, anamtazama shangazi yake, si miguu yake, si leso yake. Usoni. Alimtazama muda mrefu, kutoka juu mpaka chini.

"Shangazi," akasema, "kumbe u mfupi hivi!"

Wodi nzima ikacheka. Kadii alicheka, uji ukamwagika mkononi, kisha akawa analia na kucheka pamoja. "Nilikuwa mrefu mimi! Nimefupika kwa kukubeba! Malindi nikakubeba, Mombasa nikakubeba, wakaturudisha nikakubeba tena, wewe mzito kama gunia la chumvi, unadhani mtu atabaki mrefu?"

Dzombo hakurudia swali lake. Halafu akainuka, akakigeuza kile kiti kikamwelekea Kadii, akakipangusa kwa kiganja.

"Keti, dada," akasema.

Kadii akaketi.